Kisiwa Kisicho na Bahari

Tumezoea kumwona mhakiki akishika kitabu cha mashairi au cha hadithi, akakipima, akasifu palipo na uzuri na kukosoa palipo na kasoro. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kanuni za serikali nazo ni maandishi. Zina mwandishi wake, zina wasomaji wake, zina lugha yake na makusudi yake. Tena kitabu kibaya cha hadithi humchosha msomaji kwa siku mbili, kisha hurudishwa rafuni. Kanuni mbaya ya ardhi humfuata mtu shambani kwake maisha yake yote, na baada yake huwafuata watoto wake. Yafaa, basi, kanuni za ardhi zihakikiwe kwa uangalifu uleule tunaoutumia katika kuhakiki vitabu, au zaidi. Katika insha hii nakusudia kupima baadhi ya kanuni ambazo, kwa muda wa karibu miaka 100, zimeongoza matumizi ya ardhi katika nchi ya Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya.

Nitaanza na masimulizi ya kale. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba wahenga wao walitoka katika kisiwa kiitwacho Mbwaa. Maji ya huko yalikuwa yakija na kwenda, kama yafanyavyo maji ya bahari penye kupwa na kujaa. Katika kisiwa hicho walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani watu wa nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa amri ngumu kupita kiasi. Waliwataka watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili, na mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Wahenga walijaribu kuzitimiza amri hizo kwa werevu. Werevu ulipokwisha waliondoka usiku, wakavuka maji, wakaanza safari ndefu iliyowafikisha mlimani. Padre Bernardo Bernardi aliyagusa masimulizi haya katika kitabu chake juu ya Mugwe kilichotoka mwaka wa 1959, na baadaye Jeffrey Fadiman alikisia kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Wataalamu wengine wana shaka. Sisi hatuna haja ya kuuamua ubishi huo hapa. La maana kwetu ni kwamba kisa hiki, kikisomwa vizuri, ni hukumu juu ya kanuni zisizofuatika. Mtu akiamriwa lisilowezekana, kwanza hufanya hila, na hila ikishindwa huondoka.

Sasa tuitazame nchi waliyoifikia. Juu kuna mlima, ambao kilele chake cha Batian kina urefu wa mita 5,199. Kuuzunguka kuna msitu uliowekwa chini ya hifadhi ya serikali mwaka wa 1932, na juu ya msitu kuna hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka wa 1949. Chini, upande wa mashariki na kusini, kuna nyanda kavu za Tharaka na Mbeere zinazoteremka hadi Mto Tana. Upande wa kaskazini kuna nchi kame ya Isiolo. Katikati kuna ukanda wa udongo mwekundu wenye rutuba, uliokatwakatwa na mito mingi inayotoka mlimani. Kila mgongo wa nchi umekaa kati ya mito miwili. Mtu akisimama juu ya mgongo mmoja huuona wa pili ng'ambo ya bonde, na mashamba yamejaa toka kileleni hadi majini. Hiki ni kisiwa kisicho na bahari. Hakiongezeki; watu wake ndio wanaoongezeka. Wala wenyeji wake hawawezi tena kuondoka usiku kama walivyofanya wahenga wa Mbwaa, kwa kuwa kila upande wa kuelekea una mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya ardhi katika nchi kama hii haina budi kupimwa kwa maswali matatu. La kwanza: je, kanuni inalijua umbo la nchi? La pili: je, mtu wa kawaida mwenye nia njema anaweza kuifuata? La tatu: je, wale wanaotakiwa kuifuata walishauriwa kwa lugha waliyoielewa? Nitayatumia maswali hayo matatu kama mizani.

Kanuni za kwanza kupimwa ni za wazee. Kabla ya kuja kwa hatimiliki, jamaa moja katika Embu au Meru aghalabu haikuwa na shamba moja. Ilikuwa na vipande vilivyotawanyika toka juu hadi chini: huku juu migomba na viazi vikuu, huku chini mtama na uwele, na chini zaidi malisho ya mbuzi na mahali pa kutundika mizinga ya nyuki. Mvua ikikosekana chini, juu kulikuwa na chakula. Ukungu na baridi vikiharibu mazao ya juu, chini kulikuwa na akiba. Ugomvi wa mipaka uliamuliwa na wazee wa koo, na kwa Wameru baraza kuu la Njuri Ncheke, ambalo nyumba yake iko Nchiru katika Tigania, lilikuwa na neno la mwisho. Palikuwapo pia vichaka vitakatifu ambavyo haikuruhusiwa kukata mti wake. Karibu na Runyenjes kuna kichaka cha Mwenendega, mahali ambapo masimulizi ya Waembu yanapataja kuwa ndipo asili ya kabila lao.

Kwa swali la kwanza, kanuni hizi zastahili sifa kubwa. Zililijua umbo la nchi kama mfinyanzi ajuavyo udongo wake. Kwa swali la pili pia zapita, maana zilifuatika. Lakini mhakiki mwadilifu hasifu mambo kwa kuwa ni ya kale tu. Katika mabaraza yale wanawake, ambao ndio waliolima, hawakuwa na sauti, na vijana walisikiliza tu. Tena kanuni zile zilifaa wakati ambapo mtu aliyekosa shamba aliweza kuingia msituni akafyeka jipya. Nafasi ya kufyeka ilipokwisha, kanuni zenyewe hazikuwa na jibu.

Ndipo tukutane na kanuni za wakoloni. Ya kwanza ya kutajwa ni ile ya kahawa. Kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda mibuni, zao lililokuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1930 serikali ililegeza kamba kidogo, ikaruhusu majaribio katika Kisii, Embu na Meru, sehemu zilizokuwa mbali na mashamba makubwa ya walowezi, tena kwa eneo dogo lililowekewa mpaka. Tuipime kanuni hii. Udongo wa Embu na Meru unaifaa sana kahawa. Jambo hilo lilikuwa kweli kabla ya ruhusa kama lilivyokuwa kweli baada yake. Basi kilichopimwa na kanuni hakikuwa udongo, mvua, wala mteremko. Kilipimwa kipato cha mlowezi na rangi ya mkulima. Kanuni kama hiyo huitwa ya kilimo kwa jina tu.

Ya pili ni ya matuta. Katika nyanda za juu za kati wananchi walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, chini ya amri za machifu na tishio la adhabu. Ukali huo ulizaa chuki, na mwaka wa 1948 wanawake wa Murang'a, jirani zetu, waliandamana kuupinga. Je, matuta yalikuwa mabaya? La. Mvua ya mlimani hunyesha kwa nguvu, na udongo usiozuiwa hushuka mtoni. Ushahidi wa jambo hilo ulikuja baadaye. Baada ya uhuru wakulima wenyewe walichimba matuta mengi kwa hiari, hasa kwa mtindo wa kutupa udongo upande wa juu wa mfereji, uliostawi sana Ukambani. Mtindo huo uliitwa fanya juu, na leo wataalamu wa udongo katika nchi nyingi za dunia huutaja kwa jina hilohilo la Kiswahili. Kazi ni ileile, jembe ni lilelile, mteremko ni uleule. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza mtu aliamriwa, na mara ya pili alielewa. Hapa swali letu la tatu linaonyesha uzito wake.

Ya tatu, na iliyo kubwa kuliko zote, ni ya kuunganisha mashamba. Mwaka wa 1954 R. J. M. Swynnerton, ofisa wa idara ya kilimo, alitoa mpango wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Shauri lake lilikuwa kwamba vipande vilivyotawanyika vikusanywe, kila mtu apewe shamba moja lililopimwa, na apewe hati ya kumiliki. Sheria ya kuandikisha mashamba hayo ilipitishwa mwaka wa 1959, ikafuatwa na sheria nyingine ya uandikishaji mwaka wa 1963. Katika Embu na Meru kazi hii iliendelea kwa miaka mingi baada ya uhuru.

Hapana budi kukiri faida zake. Mwenye hati aliweza kukopa, aliweza kupanda mibuni na chai akijua kwamba mti alioupanda ni wake, na hakupoteza siku nzima akitembea kutoka kipande hadi kipande. Shule nyingi za milimani zimesomesha watoto kwa fedha za kahawa na chai iliyopandwa hivyo. Lakini kasoro zake nazo ni nzito. Kazi ilianzishwa katika Mkoa wa Kati wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960, watu wengi wakiwa kizuizini wasiweze kusimama mipakani na kujitetea. Sheria ya 1963 ilizidi kulifunga jambo, kwa kuwa ilisema kwamba uandikishaji wa kwanza haungeweza kusahihishwa na mahakama, hata kama ulifanywa kwa udanganyifu. Aidha, hati iliandikwa kwa kawaida jina la mwanamume mmoja, na haki za mke, mama mjane na binti zikabaki nje ya karatasi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 2012, lakini mipaka iliyochorwa chini yake ingali pale.

Kuhusu umbo la nchi, mpango huu ulijua nusu na kusahau nusu. Wapimaji walifanya jambo la busara: mara nyingi walikata mashamba marefu membamba, toka barabara iliyo juu ya mgongo hadi mto ulio bondeni, ili kila mwenye shamba apate njia na apate maji. Lakini walipomkusanyia mtu vipande vyake mahali pamoja walimwondolea ule ukanda wa chini uliokuwa akiba yake, na hawakuweka njia ya kumlipa bima hiyo aliyoipoteza. Wala hawakujiuliza shamba hilo refu jembamba litakuwaje litakaporithiwa.

Tuchukue mfano wa kuwazia, wanafunzi waweze kuufanyia hesabu wenyewe. Shamba lina upana wa mita 30 na urefu wa mita 200. Hilo ni eneo la mita za mraba 6,000, yaani karibu ekari moja na nusu. Baba ana watoto watatu. Kila mmoja ataka barabara, na kila mmoja ataka maji. Hukatwa kwa urefu, na kila mtoto hupata utepe wenye upana wa mita 10. Wajukuu wakiwa watatu kwa kila mtoto, utepe huwa na upana wa mita tatu na kitu, mahali ambapo ng'ombe hawezi kugeuka bila kukanyaga kwa jirani. Sheria ya mwaka wa 1967 ya kusimamia shughuli za mashamba iliweka halmashauri za kutoa idhini, ikaziagiza zikatae mgawanyo utakaopunguza mazao. Lakini baba hana haja ya kwenda mbele ya halmashauri ili agawanye shamba kwa kamba na vigingi. Karatasini shamba ni moja. Ardhini yako matatu, kisha tisa. Kanuni imetimizwa kwa hila, kama kile kiatu cha Mbwaa.

Tuteremke sasa hadi Mbeere, kwa kuwa kisiwa hakiwezi kuhakikiwa kwa kutazama mahali palipoinuka tu. Huko upimaji ulikuja baadaye, kwa sheria ya mwaka wa 1968 ya kuthibitisha haki za ardhi. Nchi ya Mbeere ni kavu. Watu wake waliishi kwa mtama, kunde, mbuzi na asali, na sehemu kubwa ya malisho ilitumiwa kwa ushirika. David Brokensha na Jack Glazier, waliochunguza mabadiliko hayo na kuandika juu yake mwaka wa 1973, walieleza jinsi koo zilivyoanza kushindana na kushtakiana kila moja ikidai eneo kubwa kwa kutumia historia ya wahenga wake. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya udongo wa kahawa ilipelekwa mahali ambapo mvua huchagua pa kunyesha na mbuzi hufuata mvua. Mtu wa Mbeere aliyepata ekari zake zikiwa na ua pande zote hawezi kuliambia wingu linyeshe ndani ya ua. Kwa swali la kwanza, kanuni hii ilianguka kabisa katika nchi kavu.

Turudi mtoni, kwa maana mto ndio mpaka wa kila mgongo na ndio uzi unaowashona watu wa juu na wa chini. Kanuni za kilimo za mwaka wa 1965 zilikataza kulima kwenye mteremko unaozidi asilimia 35, yaani mahali ambapo mtu akisogea mita 100 kwa usawa hupanda zaidi ya mita 35. Zilikataza pia kulima karibu na mto: mita mbili kwa kijito chembamba, na kwa mto mpana zaidi, umbali ulio sawa na upana wake, lakini usiozidi mita 30. Kanuni za mipango za mwaka wa 1998, zilizohusu kugawanya viwanja na mashamba, zilitaka mita zisizopungua 10 kila upande wa mto. Kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 zikataka upana kamili wa mto, usiopungua mita sita wala kuzidi 30. Mkulima mwenye kijito cha upana wa mita moja chini ya shamba lake aliweza, basi, kuambiwa na ofisa mmoja aache mita mbili, na wa pili sita, na wa tatu 10, na wote watatu wakawa na kitabu mkononi.

Kwa lile shamba letu la upana wa mita 30, mita mbili ni mita za mraba 60 tu. Mita 10 ni mita za mraba 300, nafasi ya kulima nduma za kulisha nyumba. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu mwenye ekari moja na nusu. Tena sheria mama ya kanuni za 1965 ilifutwa mwaka wa 2013, na ile iliyozaa kanuni za 1998 nafasi yake ilichukuliwa na sheria ya 2019. Mwananchi asiyejua ni kitabu kipi kinachotawala leo hulima hadi ukingoni, na si rahisi kumlaumu. Lakini gharama yake hulipwa na wengine. Udongo unaochukuliwa na Mto Rupingazi katika Embu huingia Mto Thiba, nao Thiba humimina katika bwawa la Kamburu, mojawapo ya mabwawa matano ya Tana yanayozalisha umeme, yaliyojengwa baina ya 1968, Kindaruma ilipokamilika, na 1988, ilipokamilika Kiambere. Upande wa Timau, maji yanayochukuliwa juu kwa ajili ya mashamba ndiyo yanayokosekana chini katika Ewaso Nyiro wakati wa kiangazi, na mchunga ng'ombe wa Isiolo huyangoja bure.

Hapa nataka kumpeleka msomaji kwenye kisiwa cha kweli, ili tupate kulinganisha. Katika kisiwa cha Lamu, karibu na kijiji cha Shela, kuna vilima virefu vya mchanga. Mgeni huviona kuwa mahali pazuri pa kujenga nyumba ya kutazama bahari. Lakini mvua inyeshapo huingia katika mchanga huo na kukaa chini yake, juu ya maji ya chumvi, na visima vya hapo ndivyo vilivyolipa mji maji matamu. Vilima hivyo vimelindwa kwa sheria visijengwe. Kanuni hiyo yajibu vizuri swali letu la kwanza na la pili: imejengwa juu ya umbo la kisiwa, na ni rahisi kuieleza hata kwa mtoto, kwa kusema, "Ukijenga juu ya mchanga huu, unajenga juu ya mtungi wetu."

Lamu hiyohiyo yatufundisha juu ya swali la tatu. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi iliyoletwa na wenyeji kuhusu bandari mpya iliyokuwa ikijengwa kwenye ghuba ya Manda. Mahakama iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mpango ulikuwa mkubwa, na wenye kuutetea walikuwa na hoja nyingi za maendeleo. Lakini mvuvi anayejua mahali samaki wanapozaliana hakuwa ameulizwa vya kutosha. Ni ajabu ya historia kwamba funzo hili latoka Manda, mahali ambapo Fadiman alikisia kuwa ndipo Mbwaa.

Tuje sasa kwenye kanuni za siku zetu. Katiba ya mwaka wa 2010 yaruhusu serikali kuongoza matumizi ya ardhi yoyote, hata ya mtu binafsi, kwa ajili ya mipango na manufaa ya umma. Papo hapo yataka wananchi washirikishwe katika utawala. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka wa 2012 yataka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka 10, unaopitiwa upya kila baada ya miaka mitano. Sheria ya mipango ya mwaka wa 2019 imeeleza jinsi mipango ya taifa, ya kaunti na ya mahali padogo inavyotungwa, na jinsi mwananchi anavyoweza kutoa maoni na pingamizi. Kwa maneno, hizi ni kanuni bora kuliko zote zilizotangulia. Zimekubali kwamba kanuni yenyewe yaweza kukosea, na kwa hiyo yapasa kurudiwa. Kanuni ya kahawa ya miaka ya 1930 haikuwa na unyenyekevu huo.

Hata hivyo nina malalamiko mawili. La kwanza ni juu ya mipaka. Mto Thuci ni mpaka kati ya Kaunti ya Embu na Kaunti ya Tharaka-Nithi. Kila kaunti ina mpango wake, na mpango huishia katikati ya maji. Lakini maji hayajui kaunti. Mtu anayelima ukingo wa kulia na yule anayelima ukingo wa kushoto wananyweshwa na mto mmoja, na mchungaji aliye chini, karibu na Tana, huutegemea uaminifu wa wote wawili. Mpango unaofuata mpaka wa utawala na kuusahau mwendo wa maji umerudia kosa la kale la kuhesabu vipande na kusahau nchi nzima.

La pili ni juu ya lugha. Katiba yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini sheria zetu za ardhi zimeandikwa kwa Kiingereza, na lugha yake ni ya mawakili na wapimaji. Mama anayelima mbele ya mto huambiwa kwamba ameshirikishwa kwa sababu aliitwa mkutanoni akaandika jina lake katika daftari. Kushirikishwa ni kuelewa, kuuliza, kujibiwa, na kuona neno lako limebadili jambo au kuelezwa kwa nini halikubadili. Kanuni ambayo msomaji wake hawezi kuisoma ni kama barua iliyotiwa sanduku lisilo na ufunguo.

Nafikiri dawa haiko mbali. Kila mto upewe kipimo kimoja cha ukingo, kitakachokubaliwa na watu wa juu na wa chini wakiwa wamekaa pamoja, kikaandikwa kwa Kiswahili, Kimeru na Kiembu, kikabandikwa katika kila shule na kila kiwanda cha kahawa na chai. Mahali ambapo kipimo hicho kitamnyima mkulima sehemu ya riziki yake, apewe miche ya mianzi au miti ya matunda, ili ukingo wa mto uendelee kumlisha bila jembe. Na jamaa zinazogawanya mashamba zisaidiwe kurithi kwa ushirika, kila mmoja akiwa na fungu lake la mavuno, badala ya kukata utepe hadi usiweze kukatwa tena. Mambo haya yanahitaji subira kuliko yanavyohitaji fedha.

Ninyi wanafunzi mtakaosoma insha hii, wengi wenu mtakuwa warithi wa vipande hivyo. Siku moja mtaitwa kwenye mkutano wa mpango wa ardhi, na ramani itatandikwa mezani. Msione haya kuuliza maswali yale matatu. Muulizeni mwenye ramani kama amepanda na kushuka mgongo huo kwa miguu yake. Muulizeni kama bibi yenu aweza kuitimiza kanuni hiyo kwa jembe alilo nalo. Muulizeni kama watu wa chini ya mto wameitwa. Akijibu vizuri, mfuateni kwa moyo, maana nchi isiyo na kanuni huliwa na wenye nguvu. Akishindwa kujibu, mwambieni kwa adabu arudi akafikiri. Wahenga wa Mbwaa walipoamriwa kutengeneza kiatu chenye manyoya pande zote mbili walikuwa na bahari ya kuvuka. Ninyi hamna, kwa hiyo hamna budi kubaki, kusema, na kuisahihisha kanuni hapohapo mlipo.